Je, paka wangu ananilipizia kisasi?

Swali: Daktari, salaam. Miezi mitatu iliyopita nilimchukua paka dume wa miaka minne, aliyehasiwa, kutoka kwa mtu aliyekuwa anahama. Wiki mbili za mwanzo hakutoka chini ya kitanda. Sasa anatoka, lakini siku nikichelewa kazini nakuta amekojoa kitandani, tena upande wangu, na mara moja alichuchumaa juu ya shuka huku akinitazama machoni. Wakati mwingine huja mwenyewe kunilalia mapajani. Nikimpapasa hunguruma kwa raha, kisha ghafla huniuma mkono. Mume wangu anasema huyu ni shume tu, ana kisirani na hana shukrani, tumrudishe alikotoka. Mimi moyo unasita. Je, ananilipizia kisasi, au ndivyo alivyoumbwa?

Jibu: Dada yangu, kabla sijalijibu swali lako naomba ulijibu langu, kwa sababu langu lina haraka zaidi. Paka huyo anapochuchumaa, mkojo unatoka? Paka dume ana mrija wa mkojo mwembamba mno, hasa unapokaribia ncha, na mrija huo unaweza kuzibwa na fuwele, yaani chembe ngumu za madini ya mkojo, na ute ulioganda, au kwa uvimbe tu wa kuta zake. Ukiziba kabisa, uchafu ambao figo zingeutoa hubaki ndani ya damu, potasiamu hupanda hadi kuvuruga mapigo ya moyo, na paka anaweza kufa katika muda wa siku moja hadi tatu. Kwa hiyo ukimwona anakwenda na kurudi kwenye sanduku lake la mchanga, anajikamua, analia, anajilamba sehemu za siri bila kukoma, na kinachotoka ni tone moja au hakuna kabisa, mpeleke kwa daktari wa wanyama saa hiyohiyo, hata ikiwa ni usiku wa manane. Nimeanza na jambo hili makusudi, maana nimewahi kupokea paka waliofokewa siku mbili nzima kwa ukaidi wa kukojoa ovyo, ilhali tatizo lao lilikuwa kwamba hawawezi kukojoa.

Kwa maelezo yako, wako anakojoa, na tena anakojoa vya kutosha kulowesha shuka, kwa hiyo tuna nafasi ya kuzungumza taratibu.

Naomba uisome tena barua yako kama vile imeandikwa na mtu mwingine. Ndani yake kuna mambo uliyoyaona kwa macho: mkojo kitandani, siku za kuchelewa, jicho lililokutazama, jino lililouma mkono. Na kuna mambo ambayo hakuna aliyeyaona, wewe wala mume wako: kisasi, kisirani, ukosefu wa shukrani. Haya ya pili ni tafsiri, na zimewekwa juu ya yale ya kwanza kwa wepesi kiasi kwamba sasa zinaonekana kama sehemu ya tukio lenyewe. Neno shume ndilo linalonitia wasiwasi kuliko yote. Lugha yetu humwita hivyo paka dume mkubwa, mzururaji na mdokozi, na paka akishabandikwa jina hilo, kila afanyalo huonekana ni ushahidi: akijificha ana hila, akija karibu ana shida zake, akilala anavizia.

Si kwamba tafsiri zote ni haramu. Sisi madaktari nasi tunaishi kwa kutafsiri, kwa kuwa wagonjwa wetu hawasemi. Lakini tangu mwaka 1894 wachunguzi wa tabia za wanyama wamekuwa na kanuni waliyoachiwa na Conwy Lloyd Morgan, mwanasaikolojia wa Uingereza, inayotutaka tusiieleze tendo la mnyama kwa fikra za juu iwapo jambo la chini zaidi linatosha kulieleza. Kulipiza kisasi ni fikra ya juu kweli kweli. Paka wako angepaswa kukumbuka kwamba ulichelewa, aamini kwamba ulichelewa kwa kumdharau, achague kitu unachokithamini, ajue kwamba mkojo unaochukiza kwako utakuumiza moyo, kisha akusubiri. Mkojo wenyewe, kwa paka, hauna uchafu tunaouona sisi. Ni harufu yake, na harufu yake humtuliza. Kabla ya kumpa hesabu ndefu namna hiyo, tuitazame njia fupi.

Njia fupi huanzia kwenye kibofu. Kuna maradhi ya paka ambayo kuta za kibofu huvimba na kuuma bila ya bakteria wala mawe. Kati ya paka wenye umri kama wa huyo wako wanaoletwa kwetu kwa kukojoa mara kwa mara, kwa maumivu, au mahali pasipostahili, zaidi ya nusu hukutwa hawana chochote kingine isipokuwa huo uvimbe usio na chanzo kinachoonekana. Wanaoupata zaidi ni paka wanaoishi ndani ya nyumba, walionenepa kidogo, wenye woga, na waliobadilishiwa maisha karibuni. Huyo wako amebadilishiwa mwenye nyumba, nyumba, sauti, harufu na ratiba kwa siku moja.

Sasa zitazame siku zako za kuchelewa. Mwaka 2011 watafiti wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Ohio, Marekani, walichapisha matokeo ya kuwafuatilia paka kwa zaidi ya wiki 70, baadhi wakiwa na maradhi hayo ya kibofu na wengine wakiwa wazima. Waligundua kwamba wiki ambazo mambo yalivurugika, kwa mfano saa ya chakula ikibadilika au mtu anayewahudumia asipofika, paka walikula kidogo, na walikojoa au kujisaidia nje ya sanduku zaidi. Jambo la kutafakari ni kwamba hata wale wazima walifanya hivyo. Hakuna aliyekuwa amewakosea, wala hapakuwa na kitanda cha mtu wa kukitia adabu. Palikuwa na ratiba iliyovunjika na mwili ulioitika. Siku unayochelewa, dada yangu, chakula chake nacho huchelewa, mchanga wake haujazolewa tangu asubuhi, na mtu pekee aliyemzoea katika nyumba ngeni hayupo. Uhusiano ulioubaini wewe, kwamba mkojo huja na kuchelewa, ni wa kweli. Kilichoteleza ni sababu uliyoipachika katikati.

Na kwa nini kitandani, tena upande wako? Paka ambaye mkojo unamuuma hulihusisha sanduku na maumivu, kwa kuwa ndipo yalipomkuta, na huanza kutafuta mahali pengine palaini, pakavu, pasipo na historia hiyo. Kitanda kina sifa zote. Upande wako una harufu yako, na paka mwenye wasiwasi huchanganya harufu yake na ya yule anayemtegemea. Najua ni vigumu kulipokea hili wakati godoro linanuka, lakini kuna uwezekano mkubwa kwamba ulichokiita tusi kilikuwa ni kukimbilia kwako.

Kuhusu lile jicho: paka anayechuchumaa kukojoa yuko katika hali ya hatari, hawezi kukimbia, na ukiingia chumbani wakati huo atakutazama ajue utafanya nini. Vilevile mwenye hofu hukodoa. Macho yake yalikuwaje, mboni zikiwa zimetanuka hadi macho yakawa meusi? Kama ndivyo, mimi ningeandika hofu, nisiandike jeuri. Tumejidanganya hivi hata kwa mbwa, ambao tunaamini kwamba tunawajua zaidi. Mwaka 2009 Alexandra Horowitz, mtafiti wa Marekani, aliwaweka mbwa katika jaribio ambalo mwenye mbwa alimkataza mbwa wake kula chakula fulani, akatoka chumbani, na aliporudi akaambiwa ama mbwa amekila ama hakukila, mara nyingine bila kuambiwa ukweli. Ule uso tunaouita wa hatia, masikio chini na macho pembeni, haukutegemea kama mbwa alikuwa amekosa. Ulitegemea kama alikuwa anakemewa, na mbwa wasio na kosa lolote waliokemewa ndio waliouonyesha zaidi. Kila mtu aliyewahi kusema "anajua alichofanya" angefaa kulikumbuka jaribio hilo, na mimi mwenyewe nimo.

Tuje kwenye kuuma, maana hapa ndipo neno "ghafla" linapohitaji kuchunguzwa. Leo jioni, akija mapajani, mpapase kwa mkono mmoja na umtazame badala ya kutazama simu au televisheni. Mwanzoni mwili umelegea na masikio yameelekea mbele. Baada ya muda ncha ya mkia, ile ncha tu, itaanza kugonga kushoto na kulia. Kisha ngozi ya mgongoni itacheza, kama uso wa maji unapopitiwa na upepo. Sikio moja litageuka kwa pembeni, halafu la pili. Mngurumo wa raha unaweza kukatika, au unaweza kuendelea, na hapa wengi hukosea, kwani paka hunguruma pia akiwa na maumivu au hofu. Halafu kichwa kitageuka upesi kuufuata mkono wako na kusita hapo kwa nukta moja. Ukiendelea kupapasa, utaumwa. Kwa hesabu yangu hayo ni maonyo manne au matano kabla ya jino, na yote yalitolewa kwa heshima. Mkono wako haukuyasikia kwa kuwa hukuwa umefundishwa lugha hiyo, na hilo si kosa lako, lakini si kosa lake pia.

Mpapase mara tatu, kisha usimamishe mkono wako hewani karibu na shavu lake. Akitaka zaidi atakusukuma kwa kichwa. Asipokusukuma, amekwisha kujibu. Wengi hupenda mashavu na chini ya kidevu, na wengi hawapendi kiuno karibu na shina la mkia, wala tumbo, hata pale wanapolala chali na kulionyesha. Na uangalie huumwa ukiwa umegusa wapi. Ikiwa ni kila mara mkono unapofika kiunoni au ubavuni, tunarudi kwenye maumivu: ya kibofu, ya viungo, ya jeraha la zamani ambalo mwenyewe wa kwanza hakukuambia.

Naona haya kidogo kulisimulia lifuatalo, lakini linastahili. Katika miaka yangu ya mwanzo aliletwa kwangu mbwa mzee ambaye mwenyewe alisema haguswi kichwa. Alinirukia siku ya kwanza, nami nikaandika juu ya kadi yake, kwa herufi kubwa, MKALI. Kwa karibu mwaka mzima kila alipokuja kuchanjwa au kutibiwa nilimfunga mdomo kwanza, nikafanya kazi yangu haraka kwa upande wa nyuma, nikamruhusu aende. Siku moja alikuja na mguu uliochanika, ikabidi alazwe kwa dawa ya usingizi ili nimshone, na alipokuwa amelala nikafungua mdomo wake kwa mara ya kwanza. Gego kubwa la juu lilikuwa limepasuka katikati na shina lake limejaa usaha. Tuliling'oa. Hakugeuka malaika baada ya hapo, na wageni hakuwapenda hadi mwisho wa maisha yake, lakini kichwa chake kiliguswa. Kadi ile ilikuwa na mwandiko wangu mwenyewe, na neno nililoliandika ndilo lililoniondolea kazi ya kutazama. Tangu hapo naandika "aliruka nilipogusa taya la kulia", au chochote kile kilichotokea, hata kama ni kirefu na kadi inajaa.

Kwa hiyo nakuomba nawe uwe na daftari kwa wiki mbili. Kila akikojoa nje ya sanduku andika saa, mahali, ukubwa wa doa, rangi, na kilichotangulia siku hiyo: wageni, kelele, chakula kilichochelewa, mlango uliofungwa, paka wa jirani dirishani. Kila akiuma, andika mkono ulikuwa wapi na mkia ulikuwa unafanya nini. Usiandike neno lolote la tabia. Utashangaa jinsi ilivyo vigumu.

Daftari lisichukue nafasi ya daktari, lakini. Mpeleke wiki hii, si baada ya wiki mbili, apimwe mkojo, na daktari akiona haja apigwe picha ya kibofu kutafuta mawe. Ukimwomba pia atazame meno na viungo, hatakushangaa. Mkojo uliokusanywa nyumbani kwenye sanduku safi lisilo na mchanga, au lenye mchanga usiofyonza, unaweza kufaa kwa vipimo kadhaa iwapo utafikishwa upesi, lakini mwulize kwanza, kwani wengine hupendelea kuuchukua wenyewe kwa sindano.

Mambo ya nyumbani nitayapitia kwa kasi. Awe na masanduku mawili ya mchanga mahali pawili tofauti, kwa maana kanuni ya kazi ni sanduku moja kwa kila paka na moja la ziada. Yawe makubwa, wazi juu, mbali na chakula chake na mbali na mashine inayotikisika, mahali ambapo ana njia mbili za kutokea. Mchanga uzolewe kila siku. Mpe maji mengi, na chakula cha majimaji iwezekanapo, ili mkojo wake usiwe mzito. Chakula kiwe na saa yake. Siku utakayochelewa, mume wako amlishe kwa saa ileile na kuzoa mchanga, naye atapata nafasi ya kumtazama kwa jicho jingine. Shuka na godoro lisafishwe kwa dawa yenye vimeng'enya. Usitumie yenye amonia, maana harufu yake hufanana na ya mkojo na humwita arudie palepale. Usimpige, usimsugue pua kwenye doa, usimfokee. Adhabu ya saa tatu baada ya tendo haiunganiki na tendo. Inaunganika na wewe, na hofu inayozaliwa hapo ndiyo hiyohiyo inayokichokoza kibofu.

Mwachie pia mahali pa kujificha. Wiki zile mbili za chini ya kitanda hazikuwa ununaji. Paka ni mwindaji mdogo ambaye naye huwindwa, na mahali asipopajua hupasoma kwanza kutoka gizani. Wapo wanaomaliza kazi hiyo kwa siku tatu, na wapo wanaohitaji miezi. Dirisha la kuzoea binadamu kwa wepesi huwa wazi kwa paka kati ya wiki ya pili na ya saba hivi ya maisha yake, na wewe hujui huyu alishikwa na nani katika wiki hizo, kama alishikwa. Paka aliyelikosa dirisha hilo anaweza kukuamini kabisa na bado asipende kubebwa hata siku moja.

Kuhusu shukrani, mwambie mume wako kwamba mwaka 2019 watafiti wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Oregon waliwaacha vitoto vya paka peke yao kwa dakika mbili katika chumba kigeni kisha wakamrudisha mlezi, na takriban asilimia 64 ya wale walioweza kupangwa katika makundi walitulia kwa kurudi kwake na kuendelea kuchunguza chumba, ishara ya kumtegemea kwa usalama. Mwaka uliofuata watafiti wa Uingereza walionyesha kwamba mtu akimtazama paka kwa macho yaliyolegea na kuyafumba polepole, paka huelekea kujibu vivyo hivyo, na huwa tayari zaidi kuukaribia mkono wa mgeni aliyefanya hivyo kuliko wa mgeni aliyebaki na uso wa kawaida tu. Ni jambo dogo, halina gharama, na mume wako anaweza kulijaribu akiwa ameketi kwenye kiti chake. Asimkaribie, afumbe macho taratibu, kisha atazame pembeni.

Umeniuliza kama umrudishe. Ningekuomba usiamue kabla ya majibu ya mkojo na kabla daftari halijafika mwisho, kwa sababu ukiamua leo utakuwa unamhukumu kwa ugonjwa ambao huenda unatibika, au kwa ratiba inayorekebishika. Sitakudanganya kwamba kila paka hutulia. Maradhi yale ya kibofu hurudi, na baadhi ya nyumba, kwa kelele zake au shughuli zake, hazimfai paka mwoga hata wenyewe wakiwa wema. Ikiwa baada ya kutibiwa na baada ya miezi kadhaa bado mnaumizana, kumtafutia nyumba tulivu zaidi hakutakuwa dhambi. Lakini siku hiyo mkabidhi pamoja na daftari lake, ili mtu wa kumpokea asome kwamba alikojoa kitandani mara kadhaa siku chakula kilipochelewa, kwamba huuma mkono ukifika kiunoni baada ya mkia kugonga, na kwamba huja mapajani kwa hiari yake. Akikabidhiwa na neno shume peke yake, atakutana na mtu wa tatu asiye na haja ya kumtazama.

Na usiku wa leo, kabla ya kulala, hesabu madonge ya mchanga uliolowa kwenye sanduku lake. Yakiwepo mawili au matatu ya kawaida, weka miadi na daktari kesho. Yakiwa madogo mno kama punje za maharage, au yasiwepo kabisa na kitanda nacho ni kikavu, usingoje kesho.